Ndege waliopanda ndege

Nianze kwa kukiri. Mpaka Juni iliyopita sikuwahi kumwelewa mtu anayeamka alfajiri, akaning'iniza darubini shingoni, akaenda kutazama ndege. Kwetu Dar ndege wa kutazamwa ni kunguru, na kunguru hahitaji darubini. Yeye ndiye anayekutazama wewe, hasa ukiwa na chipsi mkononi.

Nilikuwa Arizona, Marekani, kwa siku kumi za kazi. Jumapili sikuwa na la kufanya. Nikapanda treni ya umeme ya mjini, ile iliyoanza kubeba abiria Desemba 2008, nikashuka kituo cha Encanto katikati ya Phoenix, nikaanza kutembea kuelekea magharibi. Nusu saa tu kwa miguu, nikajidanganya. Saa mbili asubuhi jua la kule limeshakuwa jua la saa saba mchana Dodoma, na njiani sikukutana na mwenda kwa miguu hata mmoja. Wenyeji wana akili zao.

Halafu ghafla unafika Encanto Park na unadhani umebadilisha nchi. Nyasi za kijani, kidimbwi kirefu chenye bata na wavuvi wa ndoano, vivuli vya miti mikubwa. Bustani hii ilianzishwa miaka ya 1930, wakati wa ule mdororo mkuu wa uchumi, na jina lake ni neno la Kihispania lenye maana ya mvuto au uchawi. Uchawi kweli. Phoenix kwa mwaka mzima haipati mvua ya kufika milimita 250. Dodoma, ambayo sisi tunaiita kame na wanafunzi wa vyuo vyake wanalalamika kila siku, hupata zaidi ya mara mbili ya hapo.

Chini ya mti alikuwepo mzee mmoja wa Kizungu mwenye kofia pana na daftari dogo. Nilimsalimia kwa sababu nimelelewa hivyo. Akanionyesha kidole mdomoni, ninyamaze, kisha akakielekeza juu ya mti mmoja wa jamii ya mvumo, wenye makuti makavu yaliyolala kuzunguka shina kama sketi. Nikasikia kelele kali, kama watoto wanaogombania peremende. Makuti yakatikisika. Wakachomoka kasuku wadogo sita, wadogo kuliko njiwa, miili ya kijani, nyuso za rangi ya embe linaloanza kuiva, na mgongoni karibu na mkia kipande cha buluu ambacho hukioni mpaka waruke.

"Unatoka wapi, kijana?" akaniuliza.

"Tanzania."

"Basi hawa ni ndugu zako."

Nilicheka kwa adabu. Moyoni nilisema, ndiyo hayo, Mmarekani na jiografia: ukitoka Afrika, kila kilichotoka Afrika ni chako. Lakini usiku hotelini nilikaa na kompyuta hadi saa saba, na nikagundua kwamba mzee yule alikuwa karibu na ukweli kuliko alivyojua mwenyewe.

Wale ni kasuku ambao wafugaji duniani kote huwaita ndege wa mapenzi. Hata jina lao la kisayansi, Agapornis, limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, upendo na ndege, kwa sababu dume na jike hukaa wamebanana wakichanana manyoya kama maharusi. Spishi ziko tisa, na zote tisa asili yake ni Afrika na visiwa vyake. Hawa wa Phoenix, wenye uso wa waridi, kwao ni Namibia, kusini magharibi mwa Angola na kipande cha kaskazini magharibi mwa Afrika Kusini. Nchi kavu ya mawe na mabonde, ambako ndege huyu haendi mbali na maji hata siku moja. Kumbukeni hilo la maji.

Na sisi? Sisi tunao wawili wa kwetu kabisa. Yupo mwenye kichwa cheusi na ukosi wa njano, wa nyanda kavu za katikati ya nchi, na yupo wa kijani mwenye shingo ya rangi ya chungwa, wa Serengeti na kusini mwa Ziwa Viktoria. Huyu wa pili anaitwa kwa jina la Gustav Fischer, daktari Mjerumani aliyekuwa akiishi Zanzibar, akapita Umasaini hadi Naivasha mwaka 1883, akafa mwaka 1886. Mwaka uliofuata, 1887, mtaalamu wa ndege wa Berlin, Anton Reichenow, aliwaandika wote wawili katika vitabu vya sayansi. Bila shaka Wasukuma walikuwa wakiwaona mashambani kila msimu wa mavuno tangu enzi na enzi, lakini ndivyo mambo yalivyokuwa yakiandikwa wakati ule: kitu kinaanza kuwepo siku kinapofika Berlin.

Miaka mia moja kamili baadaye, 1987, takwimu za biashara ya kimataifa zilionyesha kwamba hakuna ndege wa porini aliyekuwa akiuzwa kwa wingi duniani kuliko huyu wa Fischer. Someni tena. Duniani. Si tausi, si wale kasuku wa kijivu wa Kongo. Ni kandege ka Mwanza na Shinyanga, kanakonaswa kwa nyavu, kanajazwa kwenye masanduku, kanapandishwa ndege. Sote tunakumbuka kelele za mwaka 2010, pale twiga waliposafirishwa wazima kwenda Qatar kupitia uwanja wa KIA, na wabunge wakachachamaa kwa haki kabisa. Twiga akipanda ndege taifa zima linauliza. Ndege walipopanda ndege kwa maelfu kila mwaka, nani aliuliza? Marekani ilibana uingizaji kwa sheria ya mwaka 1992. Ulaya ilifunga mlango mwaka 2005 kwa hofu ya mafua ya ndege, ikaufunga moja kwa moja mwaka 2007. Sisi wenye mali tulisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016, baada ya mkasa mwingine pale pale KIA, safari hiyo wakiwa tumbili.

Sasa rudini Phoenix. Kumbukumbu za kwanza za kasuku wa uso wa waridi wakiishi huru katika bonde lile ni za mwaka huo huo, 1987, upande wa mashariki wa jiji. Walitoroka kutoka vizimbani mwa watu, au waliachiwa. Sidai kwamba walinaswa Namibia wenyewe. Aina hii huzaliana kirahisi kizimbani, na huenda wazazi wao hawakuwahi kuiona Afrika. Lakini biashara ni ile ile, na kiu ya mnunuzi ni ile ile: rangi nzuri, bei nafuu, sauti ya asubuhi dirishani, mpaka siku ile sauti inapomchosha.

Ndege wa dukani akitoroka, kwa kawaida hufa baada ya siku chache. Hawa hawakufa. Nilitaka kujua kwa nini, na jibu linanirudisha kwenye maji.

Kwenye bonde la Mto Salt waliishi kwa karne nyingi watu ambao wanaakiolojia huwaita Hohokam. Walichimba mifereji kwa mikono, bila chuma, bila punda, mamia ya kilomita, wakalima mahindi na pamba jangwani hadi yapata mwaka 1450, kisha miji yao ikaachwa. Mwaka 1867 akaja Jack Swilling, askari wa zamani wa upande wa Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, akaona mitaro ile ya kale na kuelewa kilichokuwa mbele ya macho yake. Akaanzisha kampuni ya kuchimba mifereji mipya katika njia zile zile. Mji ukaota juu ya magofu, ndiyo maana ukaitwa Phoenix, jina la yule ndege wa hadithi anayefufuka kutoka kwenye majivu yake. Kwa hiyo mji wenyewe ni ndege. Mtu akiniambia hadithi kama hii kwenye chumba cha habari ningemwambia apunguze chumvi.

Upande wa pili wa hadithi hauko kwenye nembo ya jiji. Akimel O'odham, jina lenye maana ya watu wa mto, ambao huwataja wachimbaji wale wa kale kuwa wahenga wao, walikuwa wakilima kando ya Mto Gila, jirani na hapo, na kuuza ngano kwa wasafiri na wanajeshi. Walowezi wakakata maji huko juu. Kuanzia miaka ya 1870 mto ukaanza kuwafikia ukiwa mchanga mtupu, na watu waliokuwa wakilisha wapita njia wakaingia katika njaa. Sheria ya kuwarudishia sehemu ya haki yao ya maji ilipitishwa mwaka 2004. Hesabuni wenyewe ni vizazi vingapi.

Mwaka 1911 likakamilika bwawa la Roosevelt, na Mto Salt nao ukakauka unapopita mjini. Baadaye jiji likanywa hata hayo likaona hayatoshi. Kati ya mwaka 1973 na 1993 ukajengwa mfereji wa kuleta maji ya Mto Colorado, urefu wake zaidi ya kilomita 500, karibu kama kutoka Dar hadi Moshi, na maji yanasukumwa kwa pampu kupanda mlima. Colorado, kwa miaka mingi sasa, kwa kawaida haufiki baharini. Mwezi Agosti 2021 serikali ya Marekani ilitangaza upungufu rasmi wa maji ya mto huo kwa mara ya kwanza, na mwaka 2022 wakulima wa Arizona ndio waliokatiwa kwanza.

Ndiyo maana kasuku hawakufa. Hawakuhamia jangwani hata kidogo. Walihamia katika maji hayo: kwenye nyasi za Encanto, viwanja vya gofu, bustani za nyuma ya nyumba na vyombo vya mbegu vinavyotundikwa na wastaafu. Wanakunywa mto uliohamishwa. Wapo wanaotaga kwenye mashimo yaliyotobolewa na kigong'ota wa kule ndani ya dungusi wakubwa wanaoitwa saguaro, lakini mjini kipenzi chao ni mivumo ile yenye sketi ya makuti.

Mzee alikuwa ameniambia, ukitaka kuwaona mchana nenda chuo kikuu, Tempe. Kwa hiyo siku ya Jumanne nilitoroka mkutano (mhariri wangu kama unasoma, kilikuwa kipindi cha utangulizi tu) nikapanda tena ile treni. Kabla ya kituo cha chuo inavuka daraja juu ya ziwa. Msidanganyike, lile si ziwa la Mungu. Ni kipande cha kitanda kikavu cha Mto Salt kilichozibwa pande zote mbili na kujazwa maji mwaka 1999. Mwaka 2010 kizuizi chake kimoja cha mpira kilipasuka na ziwa likaondoka lote usiku mmoja.

Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona kilianza mwaka 1886 kama chuo cha ualimu chenye wanafunzi 33, kwenye eka 20 za malisho ya ng'ombe zilizotolewa na George na Martha Wilson. Leo kampasi ile ya Tempe yote imeandikishwa kama bustani ya miti. Ina njia maarufu iliyopandwa mivumo zaidi ya miaka mia iliyopita, mirefu kiasi kwamba kivuli chake kinaangukia paa la jirani na si wewe unayetembea. Tangu mwaka 2016 chuo kimekuwa kikiiondoa ile mizee na kupanda mitende, ambayo inatoa kivuli cha maana na tende za kula. Uamuzi mzuri. Ningekuwa kasuku ningeuandikia barua ya malalamiko.

Nilizunguka saa nzima sikuona kitu zaidi ya ndege mmoja mweusi mwenye mkia mrefu na kelele nyingi, mpenda meza za watu, ambaye ni kunguru kwa tabia ingawa si kwa ukoo. Saa saba mchana joto lilikuwa nyuzi 42. Wanafunzi wanatoka mlango mmoja na kukimbilia mwingine. Hapo nikasikia zile kelele za peremende, juu kabisa, ukutani mwa jengo la ghorofa.

Juu ya ukuta kuna matundu yenye vyuma bapa vilivyolazwa kama ngazi, yanayotoa hewa ya ziada kutoka ndani, hewa iliyokwisha pozwa na kiyoyozi. Kasuku walikuwa wamejipanga pale vifua vikielekea ndani, mbawa zimelegezwa kidogo, macho yamefumbwa nusu. Nilihesabu kumi na wanne. Akija mmoja wanasogezana, kama abiria wa daladala ya Mbagala jioni. Watafiti wa chuo hicho waliandika kuhusu jambo hili mwaka 2021: kadiri joto linavyozidi ndivyo ndege wanavyoongezeka kwenye matundu.

Nilicheka peke yangu pale barabarani. Ndege wa Namibia, mtoto wa jangwa, amegundua kiyoyozi na harudi nyuma. Nikapiga picha, nikatuma kwenye kundi letu la waliosoma Mlimani, wakacheka nao.

Kicheko kilikatika nilipofika kituoni. Kwenye kivuli chembamba cha kituo alikuwa amelala mwanamume na chupa ya maji kifuani, viatu havina visigino. Mwaka 2023 Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo ambazo joto halikushuka chini ya nyuzi 43 mchana, na katika kaunti ile ya Maricopa watu 645 walithibitishwa kufa kwa sababu zinazohusiana na joto mwaka ule. Sehemu kubwa yao ni watu wasio na makazi. Hewa ile ya baridi inatoka ukutani bure saa zote, ghorofani, na ili kuifikia lazima uwe na mbawa.

Kuna jambo jingine nimeshindwa kulinyamazia. Wapenzi wa ndege wa Marekani wana chama chao, na chama kina orodha. Ndege mgeni akitoroka kizimbani hahesabiki. Mpaka aonyeshe kwamba amezaliana mwenyewe bila msaada kwa miaka isiyopungua 15 ndipo anaingizwa, na watu wanaruhusiwa kumhesabu. Kasuku wa uso wa waridi waliingizwa mwaka 2012. Kwa lugha yetu, walipewa uraia. Sasa, mwaka 2010 bunge la Arizona hiyo hiyo lilipitisha sheria namba 1070, iliyowataka polisi wadai karatasi za mtu yeyote waliyemsimamisha na kumshuku kuwa yupo nchini kinyume cha sheria. Mahakama Kuu ya Marekani ilitengua sehemu kubwa ya sheria hiyo Juni 2012, ila kile kifungu cha kudai karatasi ikakiacha. Mwaka ule ule. Wapo watu wa kutoka Mexico waliokuwa wakifyeka nyasi za bustani zile tangu kabla ya kasuku wa kwanza kutoroka, na orodha yao bado haijafunguliwa.

Kabla sijawacheka Waarizona sana, nilijiuliza kuhusu kwetu. Kunguru wa Dar ni mgeni kutoka India, aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 asafishe taka, na sisi tumekuwa tukimtegea sumu na mitego. Anakula vifaranga, anaharibu viota vya ndege wengine, na sitamtetea. Lakini hata kasuku wale wa kichwa cheusi wanaoonekana Dar si wa Dar, kwao ni bara, na walifika pwani kwa njia ya vizimba kama wenzao wa Phoenix. Hatujawahi kumtegea sumu hata mmoja. Ni wazuri.

Asubuhi ya siku ya kuondoka nilirudi Encanto, mara hii kwa teksi. Mzee hakuwepo. Nilikaa chini ya mti ule ule nikamwona jike mmoja akifanya kazi ambayo nilikuwa nimeisoma tu: anachana kuti kwa mdomo vipande virefu vyembamba, kisha anavichomeka katikati ya manyoya ya mgongoni, kimoja kimoja, kama mama anayefunga kuni. Akajaza, akaruka nazo, viwili vikamdondoka njiani.

Mti aliouendea ulikuwa na gari la ngazi chini yake. Mafundi wawili waliokuwa wakizungumza Kihispania walikuwa wanakata ile sketi ya makuti makavu, mmoja juu na msumeno, mwenzake chini anakusanya. Jike akatua kwenye waya wa umeme na mzigo wake mgongoni, akawatazama. Fundi wa juu alizima msumeno, akajifuta jasho, akanywa maji, akauwasha tena.